Viluwiluwi katika Beseni la Mama Vumilia

Walisema sitaweza. Papa Mateso, fundi wa baiskeli, alisema vitakufa kabla ya Jumapili. Katekista alisema, kwa sauti ileile ya kusomea matangazo ya misa, kwamba mtoto asiyeweza kukaa kitako dakika tano hawezi kulea kitu chochote. Mama Vumilia hakusema vitakufa. Alisema vitaota meno. Leo nina diplome ya biolojia, iko ndani ya fremu, imetundikwa ukutani katika nyumba niliyoijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma na simenti ya Kabimba, na kati ya hao watatu hakuna aliyewahi kuwa na fremu. Nalisema hili mwanzoni ili nisilirudie, ingawa wanaonijua watakwambia nitalirudia.

Kilichonirudisha huko ni maji ya maua. Mke wangu aliacha maua mezani ndani ya bokali ya kioo, tukaenda Kongolo kwenye msiba, tukakaa siku nne. Tuliporudi, harufu ilinipokea mlangoni: maji yaliyolala, bua lililoanza kuoza, na ndani yake utamu mdogo wa ute wa kijani. Mke wangu akakimbilia madirisha. Mimi nilisimama na begi mkononi, nyayo zinaniwasha, kama mtu aliyeacha kitu motoni na hakumbuki ni jiko gani. Halafu nikainama nikachungulia ndani ya bokali. Hakukuwa na kitu. Nikachungulia tena. Mtu wa miaka yangu, aliyevuka ziwa akafanya kazi upande wa Kigoma, akajisomesha, akarudi kwao na makaratasi yake yote, anatafuta mikia ndani ya maji ya maua.

Nililelewa na dada mkubwa wa mama yangu, Mama Mukubwa Yuliana. Alikuwa Mtabwa kutoka milima ya upande wa Moba, mjane, mrefu, mtu wa maneno machache. Alikuja Kalemie juu ya lori la mihogo, na ingawa miaka ilikuwa imepita, bwawani bado walimwita "ule wa lori." Alikuwa na kipande cha shamba la mpunga kwenye bwawa hilo, kinamasi kandokando ya Lukuga, mahali ambapo mto unatoka ziwani na kabla haujashika mwendo unatanda kwanza kwenye nyasi. Kipande hicho ndicho kilichotulisha, kikanilipia minerval, ada ya shule, na kuninunulia kaptula ya kuvaa huko. Mpunga wake ulikuwa wa kijani kibichi. Mwaka ninaousimulia, mpunga wa jirani yake, Mama Vumilia, ulianza kugeuka manjano kabla ya wakati.

Na kando ya mfereji uliogawa mashamba yao kulikuwa na yale majani.

Mvua za kwanza zilipokwisha kuujaza mfereji, ungeyaona, lakini uwe na jicho. Jani refu la nyasi, au la mpunga wenyewe, limekunjwa katikati kwa urefu wake, kingo mbili zimegandishwa pamoja kama kwa gundi, shibiri moja au mbili juu ya maji. Halikufungwa kwa uzi. Halikuchanika. Limekunjwa tu, vizuri, kwa mkono wa mtu mwenye subira. Nilipoyaona mara ya kwanza sikuwa na shaka yoyote ni ya nani. Kila jioni nilimwona Mama Mukubwa akikunja ndagaa ndani ya majani ili awaweke kwenye makaa. Vidole vyake vilikuwa na mkunjo uleule. Nikaamua kwamba anapokuwa peke yake shambani anakunja haya madogo, kwa kucheza, au kwa ajili yangu. Sikumwuliza. Kitu ukishakijua, utakiuliza cha nini?

Nilikuwa na tabia ambayo mpaka sasa sijaiacha: nikiona kitu kizuri, lazima kiwe cha kwetu. Mama Vumilia alinikuta nimechutama mferejini, akasimama juu yangu na jembe lake begani.

"Weye mutoto. Ile majani, nani anayakunja?"

"Mama Mukubwa wangu," nikasema. "Njo yeye anakunja. Anajua kukunja kupita nyinyi wote."

"Yote?"

"Yote. Hata ile ya upande wenu."

Aliliangalia lile jani la upande wao, akaangalia mpunga wake wa manjano, akaenda zake. Mimi nikabaki nimejaa sifa mpaka kooni.

Sikujua, au nilijua na sikuunganisha, maana ya jani lililofungwa katika shamba la mtu. Kwetu, ukitaka kuonyesha kwamba kipande ni chako, unafunga fundo la majani mpakani, na kila mtu anaheshimu. Lakini ukilifunga ndani ya mpaka wa mwenzako, hilo ni neno lingine. Maana yake unavuta. Unavuta rutuba yake ije kwako, au unavuta shamba lenyewe, kidogokidogo, msimu hadi msimu. Watu waliachishwa vipande vyao kwa jambo hilo. Na kama mtu ni wa lori, haendi mbali kupata shtaka.

Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja ya kila mtu, tulipomaliza kuzibua mifereji, kila mtu bado ana matope magotini, Mama Vumilia alisimama mbele ya kapita wa bwawa. Kapita ndiye aliyegawa vipande na kuamua mambo ya maji. Mtu mfupi, mwenye kofia ya reli, aliyependa kuongea kama ofisi.

"Papa Kapita, mpunga wangu unakufa na muntu anayeuua iko hapa."

"Sitwayeni," akasema, kwa neno la ofisini la kumwita mwananchi, "taja jina."

"Yuliana. Amefunga majani mpaka ndani kwangu. Siyo mimi ninasema. Mutoto wake mwenyewe njo alisema."

Wote wakanigeukia. Nakumbuka matope yalikuwa yanakauka kwenye miguu yangu na ngozi ilikuwa inavutwa, nami sikuthubutu kujikuna. Mama Mukubwa naye akanitazama. Nilingoja kofi. Ningelipenda lile kofi.

"Ulisema?" akaniuliza.

"Nilisema."

"Uliniona?"

Niliyemwona alikuwa anakunja ndagaa. "Hapana," nikasema.

Papa Mateso akacheka. "Sasa mutoto anageuza! Jana nyeupe, leo nyeusi. Huyu tumupeleke redioni."

Mama Mukubwa hakujitetea. Aliingia mferejini na kanga yake, akachuma jani moja lililokunjwa, akalileta kwa kapita kwenye kiganja. Kapita akapasua ule mshikamano kwa ukucha. Ndani mlikuwa na ute, na ndani ya ute punje nyeupe kama sago iliyopikwa, kumi na kitu, kila moja na doa lake. Doa moja likajipinda.

"Yezu Maria," akasema katekista.

"Mayai ya chura," akasema Mama Mukubwa. "Kwetu Moba yako mengi. Kale kadogo ka rangi ya dhahabu."

"Chura anazaa ndani ya maji, si ndani ya jani!" Mama Vumilia akapiga makofi. "Na chura anajua kukunja? Iko na mikono ya kushonea? Ile njo minyoo. Minyoo ya dawa."

Watu wakagawanyika, wengi upande wake. Kapita alivua kofia akaifuta jasho kwa ndani, na uamuzi alioutoa sijausikia tena mahali pengine, hata kwa watu wenye fremu ukutani. Neno limetoka kwa mtoto, akasema. Mtoto ndiye atalirudisha. Majani mengine yatakatwa mbele ya wote, na mtoto atayalea mpaka tuone yanatoa nini. Na ili mtu asije akasema chombo kilitiwa kitu, vyombo vitatoka kwa wenye shaka. Mpunga ukianza kuinamisha vichwa na hatujaona chura, Mama Yuliana ataacha kipande.

"Mutoto huyu?" Papa Mateso akauliza. "Huyu hawezi hata kungoja chai ipoe."

Ndivyo nilivyoazima. Papa Mateso alitoa kopo la mafuta lililokatwa mdomo. Katekista alitoa bokali ya kioo, huku akinionya mara tatu kwamba ilitoka kwa masista. Mama Vumilia alitoa beseni lake la maua mekundu, lile zuri, la kupokelea wageni. Nadhani alitaka aonekane hana hofu. Kapita mwenyewe alifunga jani moja juu ya kila chombo kwa kijiti, ncha ikining'inia juu ya maji ya mferejini, na vyote vikawekwa chini ya ukingo wa paa letu.

Mama Mukubwa hakuniambia neno kuhusu nilichosema, ila hili tu, akiwa anasonga bukari, amenipa mgongo: "Mutoto alisema. Sasa mutoto atasema tena."

Siku tano sikukaa. Shuleni nilikuwa nimekaa kwenye dawati kwa tako moja. Kengele ikilia nilikuwa nimeshafika relini, njiani kurudi nyumbani. Siku ya sita ute ulikuwa umeyeyuka ndani ya jani, gundi imelegea, jani likaanza kujifungua lenyewe, na vile vitu vikateleza kimoja kimoja, tone, tone, ndani ya beseni la Mama Vumilia. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Mama Vumilia alikuja pia, akatazama kwa mbali.

"Ona mukia wake," akasema. "Ona."

Na kweli havikuwa kama viluwiluwi vya chura mkubwa tunavyovijua wote, vile vyeusi, vinene, vinavyosongamana madimbwini kama kokwa. Leo ningeweza kukuandikia maelezo yake kwa lugha ya vitabu, na nimewahi kuyaandika, nikapewa alama ambayo mwalimu alisema haitoi mara mbili. Lakini niliviona kwanza kwa macho ya mtoto asiyetulia. Kiwiliwili chembamba kama punje ya mpunga iliyovuliwa ganda. Kichwa kilichochongoka, na mdomo mdogo mbele kabisa, mahali ambapo samaki angekuwa na pua. Macho mawili pembeni, mbalimbali, hata kikikutazama huwezi kujua kinatazama wapi. Mstari mwembamba wa rangi ya majani makavu ulipita kwenye jicho ukaenda mpaka mkiani. Na mkia wenyewe ulikuwa mrefu kuliko mwili, una pezi juu na chini kama karatasi ya sigara, ukiishia kwenye uzi mwembamba ambao haukutulia. Hapo ndipo nilipokuwa sawa navyo. Mwili wote umesimama kimya kando ya bua, kama hakuna kitu, lakini ile ncha ya mkia inahangaika, inahangaika.

Kopo la Papa Mateso liliua vyote kwa siku mbili. Mafuta ya zamani yalikuwa yamenywewa na bati. Yalipanda juu ya maji yakatandaza rangi za upinde wa mvua, na chini yake vililala vimegeuza matumbo meupe. Papa Mateso alipita na baiskeli ya mtu, akapiga kengele. "Nilisema Jumapili, na leo ni Ijumaa! Nimekupunguzia kungoja siku mbili, bure."

Vya katekista niliviua mwenyewe kwa upendo. Nilivipa bukari. Niliona vinazunguka ile tonge nikafikiri vinakula, nikaongeza. Asubuhi maji yalikuwa meupe na yananuka, na kati ya kumi na vinane vilibaki vitatu, vinavuta hewa juu. Hapo ndipo nilipoketi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikaangalia kitu bila kukigusa. Nikaona vile vitatu vimeweka midomo kwenye bua la mpunga lililokuwa majini tangu mwanzo, vinasugua ule utelezi wa kijani. Havikutaka chakula changu. Vilitaka bua liachwe lioze kidogo. Nikakimbia mferejini nikaleta mabua yenye utelezi, nikaleta na maji yake, na tangu siku hiyo mlango wetu ukawa na ile harufu.

Beseni lilivumilia zaidi, mpaka kuku wa jirani alipolipata. Nilitoka shuleni nikamkuta anainua kichwa, anameza, anainamisha tena, kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa. Nilimfukuza mpaka barabarani. Niliporudi sikuwa na cha kuhesabu upande ule.

Basi vikawa vitatu ndani ya bokali, na wiki zilikuwa zinakwenda. Sisimizi walianza kupanda kioo, kwa hiyo Mama Mukubwa akaniambia niisimamishe bokali katikati ya beseni lenye maji kidogo, wasivuke. Miguu ya nyuma ilichomoza, mwanzoni kama nyuzi mbili za mate, baadaye na magoti. Nikaenda kumwonyesha kila mtu. "Hata mujusi iko na miguu," akasema Mama Vumilia, lakini alikuja mwenyewe siku iliyofuata, akijifanya anapita.

Cha kwanza kilipotoa miguu ya mbele, nilicheza. Kesho yake kilikuwa kimezama, miguu yote minne imetanuka. Sikuelewa. Kiumbe cha majini kimekufa maji! Niliingia ndani nikajifunika kanga ya Mama Mukubwa. Cha pili kilikwenda vilevile. Mama Mukubwa alitazama bokali, akauliza tu, "Wewe ukiwa unaoga ziwani na umechoka, unashika wapi?" Nikakata bua refu, nikalisimamisha ndani litokeze juu ya maji, cha mwisho kipate pa kupanda kuvuta hewa.

Wakati huo mpunga wa Mama Mukubwa ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa.

Kapita alikuja na kofia yake, na wengine nyuma yake. Nilikuwa nimeiangalia bokali alfajiri: kale ka mwisho kalikuwa kamekaa kwenye bua, nusu ndani nusu nje, mkia bado mrefu. Nilienda tu kunawa uso. Nilipowaongoza watu ukingoni, bokali ilikuwa na maji, na bua, na basi.

"Kiko wapi?" akauliza kapita.

"Kilikuwa hapa."

"Kilikuwa," Papa Mateso akarudia. "Na mimi nilikuwa tajiri."

Nilipapasa chini, nikapekua mabua, nikalala kifudifudi kwenye udongo. Nilimsikia Mama Mukubwa akisema taratibu, "Papa Kapita, unipe wiki moja nivune," na hiyo sauti ya mtu anayekubali ilinichoma kuliko kitu chochote ambacho maisha yamenifanyia baadaye, na yamefanya. Mama Vumilia akakohoa. Labda hata yeye ilimkera. Akainama kwa nguvu.

"Nipe beseni langu niende," akasema, akaiondoa bokali, akashika beseni kwa kingo zote mbili. Akapiga ukelele. Lakini hakuliachia; lilikuwa beseni zuri.

Juu ya kidole gumba chake kilikuwa kimekaa. Kilikuwa kimejificha chini ya ukingo uliokunjwa wa beseni, mahali penye kivuli na unyevu. Hakikuzidi ukucha wake. Mgongo rangi ya dhahabu yenye mistari ya kahawia, vidole vyenye vibao vya kunasia, macho makubwa yaliyotulia kabisa. Na nyuma, badala ya ule mkia wote, kisiki kidogo cheusi.

"Ni chura tu wa nje ameingia," mtu akasema.

"Nyamaza weye!" Mama Vumilia hakuondoa macho. "Chura wa nje gani? Kako na mukia! Hamuoni? Njo kale ka mubokali. Kale kalikuwa na mustari ku jicho. Mimi nilikuwa ninakaona kila siku!"

Akasikia alichosema. Kila mtu akasikia. Kapita akavaa kofia yake, akatamka, kiofisi, kwamba kipande ni cha Mama Yuliana, na kwamba majani ya bwawa yana wenyewe.

Mimi nilitaka kurudisha vyombo saa ileile. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kila mlango, makali, na nikikwambia nilikuwa na kipaji uniamini. Mama Mukubwa alikataa. "Chombo cha muntu hakirudi kitupu," akasema. "Utangoja mavuno." Wiki zile zilikuwa ndefu kuliko zote. Kila siku nilipita mbele ya kopo, bokali na beseni, vimeoshwa, vimegeuzwa kifudifudi kando ya ukuta, na maneno yangu yakinichachia mdomoni.

Mpunga ulipokatwa, ukapigwa, ukatwangwa, Mama Mukubwa alijaza mwenyewe. Kopo la Papa Mateso nililisugua kwa mchanga mpaka likang'aa. Alipoona mchele ndani akasahau kengele, akasahau na mzaha. Katekista aliipokea bokali ya masista kwa mikono miwili, akaiinua kwenye mwanga kutafuta ufa, halafu akaona ilivyojaa, akaona haya. Beseni lilikuwa la mwisho na zito. Mama Vumilia mwaka huo hakuvuna kitu cha maana, na Mama Mukubwa alikuwa amelijaza mchele mpaka ukafanya kichuguu, akafunika na kitambaa.

"Huko usiseme maneno yako," aliniambia. "Sema tu nimeshukuru."

Mama Vumilia alikuwa ameketi kwenye kizingiti. Nilipiga goti, nikatua mzigo.

"Mama Mukubwa anashukuru kwa beseni."

Alifunua kitambaa.

"Amejaza hivi?"

"Ndiyo, Mama."

"Hm." Akafunika tena, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. "Na kale kachura, mulikaweka wapi?"

"Nilikaacha mferejini. Upande wenu."

"Upande wetu?"

"Njo kwenye majani mengi."

Nikasimama, nikaanza kuhamisha uzito mguu huu, mguu huu. Halafu uso wake ukavunjika, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Basi nenda, mutoto wangu," akasema. "Lakini usifike kwa watu ukaanza kusema njo mimi ninayakunja."

Sikusema. Nilirudi nyumbani sina chombo cha mtu mkononi wala kichwani, na njia nzima, kwa mara ya kwanza, sikukimbia; nilitembea.